Kusimamia Wagavi na Kazi za Uchapishaji kwa Programu ya Kompyuta: Mwongozo kwa Ofisi Ndogo ya Kampala

Kitabu cha kurasa 64 kinachochapishwa Kampala ni nadra kuanza na kumalizika chini ya paa moja. Mpangaji wa kurasa huwa na meza yake katika ghorofa ya pili ya jengo moja la Nasser Road, pleti, yaani bamba lenye sura ya kurasa linalofungwa kwenye mtambo, hutengenezwa jengo la jirani, karatasi huletwa kutoka kwa muuzaji wa jumla, mtambo wa kuchapa uko kwenye uchochoro wa Nkrumah Road, na wanaokunja na kupiga pini huwa kwenye varanda wakisubiri mzigo uwafikie. Kila mmoja wao ni biashara inayojitegemea, ana bei yake na wateja wengine wanaomsukuma siku hiyo hiyo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeisimamia njia hiyo yote, awe dalali wa uchapishaji, mchapishaji mdogo wa vitabu vya shule, au ofisa manunuzi wa shirika ambaye kila mwezi ana kazi kadhaa mikononi mwa mafundi tofauti.

Kazi nyingi zinazoharibika huharibikia njiani, pale zinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kwa sababu hiyo programu utakayoiweka ilinde makabidhiano kwanza, na hesabu za fedha zifuate.

Nililijua hilo kwa gharama. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilituagiza vitabu 100 vya stakabadhi, kila kitabu seti 50, kila seti nakala tatu: nyeupe, njano na waridi. Maelezo tuliyompelekea fundi wa kupiga namba yalisema tu kwamba namba ziendelee. Ziendelee kutoka wapi, hatukuandika. Aliyejua kwamba vitabu vya awali viliishia 5000 alikuwa mpangaji wetu wa kurasa, na siku hiyo alikuwa Jinja msibani. Fundi akaanza na 0001, kama ambavyo fundi yeyote angeanza. Tulipofungua katoni mbele ya mweka hazina, alichukua kitabu cha juu, akaitazama namba nyekundu iliyo pembeni, akakifunga polepole na kukirudisha mahali pake. Stakabadhi 5,000 zenye namba ambazo tayari zimeshatolewa kwa wanachama hazina matumizi, hata karatasi iwe nzuri namna gani. Tulichapa upya kwa fedha zetu. Simlaumu fundi, kwa maana kadi yetu ya kazi haikuwa na kisanduku cha namba ya kuanzia, na asiyeandikiwa hawezi kujua.

Hatua ya kwanza: Fuata kazi moja kwa miguu

Kabla ya kuwasha kompyuta, chagua kazi moja ya wiki iliyopita na uifuate njia yake yote kwa miguu, duka hadi duka. Kwa kila aliyeishika, uliza maswali manne: ulipokea nini, ulipokea kutoka kwa nani, ulijuaje cha kufanya, na ulimkabidhi nani. Andika majibu kwenye karatasi kubwa kwa mpangilio wa siku na saa. Sisi tulidhani kazi zetu zina hatua nne. Tulipozifuata tulihesabu makabidhiano tisa, mawili kati yake yakiwa ya mwendesha boda boda ambaye hakuna aliyekuwa anaandika jina lake. Mchoro huo ndio utakaokuwa msingi wa programu. Ukiuruka, utanunua programu iliyochorwa kwa kiwanda cha mtu mwingine kisha utumie mwaka mzima kuilazimisha ifanane na uchochoro wako.

Hatua ya pili: Chagua programu inayolingana na wingi wa kazi zako

Kwa ofisi yenye kazi chache kwa mwezi, ubao wa kadi kama Trello, ambapo kila kazi ni kadi inayosogezwa kutoka safu moja hadi nyingine, pamoja na jedwali moja la pamoja la mtandaoni unatosha kabisa. Kazi zikiwa nyingi, na ukitaka oda za ununuzi, ghala la karatasi na ankara vikae mahali pamoja, angalia Odoo au ERPNext, ambazo zote zina matoleo ya programu huria yanayoweza kuwekwa bila ada ya leseni; gharama itakuwa ya mtu wa kuiweka, kompyuta ya kuihifadhi, na muda wa kuwafundisha watu.

Kabla ya kukubali programu yoyote, ijaribu kwa simu ya bei nafuu ukiwa umesimama karibu na mtambo unaonguruma. Je, picha inapachikwa kwenye kadi kwa haraka? Je, unaweza kulazimisha kisanduku kijazwe kabla kadi haijasogea? Je, inaonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi? Je, unaweza kuzitoa taarifa zako zote ukiamua kuhama? Programu inayoshindwa katika hayo manne usiichukue, hata kama ina grafu za kupendeza.

Viwanda vikubwa hutumia mfumo wa maelekezo ya kazi uitwao JDF, unaosimamiwa na jumuiya ya CIP4, ambao hupeleka vipimo vya kazi kutoka ofisini moja kwa moja hadi kwenye mtambo. Ni jambo zuri, lakini mtambo wa zamani wa GTO 52, ule mdogo wa ofseti wa Heidelberg, hausomi faili. Maelekezo husomwa na fundi. Kwa hiyo nguvu yako iweke kwenye maelekezo ambayo fundi atayasoma bila kukupigia simu.

Hatua ya tatu: Kila kazi ipewe namba moja na kadi moja

Namba ya kazi iwe fupi na itamkike kwa simu. Sisi hutumia tarakimu mbili za mwaka na mfululizo, kwa mfano 26-0147. Namba hiyo itolewe siku mteja anapouliza bei, wala usingoje mpaka alipe, na iandikwe kila mahali: kwenye jina la faili, kwenye oda ya karatasi, kwenye pleti kwa kalamu ya wino usiofutika, kwenye kila rundo la karatasi zilizochapwa, kwenye katoni na kwenye ankara. Fundi akipiga simu kuuliza habari za kile kitabu cha kijani, mjibu kwa upole ukimwuliza namba. Baada ya wiki chache atakuwa anaanza na namba yeye mwenyewe.

Kadi ya kazi ndiyo moyo wa mfumo huu, na inafaa uitengee siku nzima ya kuifikiria. Visanduku vya msingi vinajulikana: jina la mteja, idadi ya nakala, ukubwa baada ya kukatwa, idadi ya kurasa, aina na uzito wa karatasi ya ndani na ya jalada, rangi ngapi mbele na ngapi nyuma, namna ya kumalizia, tarehe ya kukabidhi. Vinavyookoa fedha ni vile visivyofikiriwa mpaka hasara itokee. Kwa kazi za stakabadhi na ankara, weka namba ya kuanzia na namba ya kuishia, vyote viwili vya lazima, na uiache programu ipige hesabu: vitabu 100 mara seti 50 ni 5,000, kwa hiyo ukianza na 5001 lazima uishie 10000, na kama tarakimu hazikubaliani kadi isisogee. Kwa karatasi za kujinakili, andika mpangilio wa rangi kutoka juu kwenda chini. Kwa vijitabu, andika upande wa kufungia. Kalenda ya mezani na kijitabu cha nyimbo havifungwi upande ule ule. Kwa kazi ya lugha za Uganda, weka kisanduku cha jina la mtu aliyesahihisha maneno, kwa sababu mpangaji wa kurasa asiyejua Kiluganda au Kilugbara hawezi kuona herufi iliyodondoka.

Mwisho wa kadi uwe na sehemu ya maelezo huru, lakini weka sheria kwamba lolote linaloandikwa hapo mara tatu kwa mwezi linapewa kisanduku chake.

Umeme ukikatika au data ikiisha, kazi haisimami, hivyo kadi iwe na pacha wake wa karatasi. Chapa muhtasari wake na uubandike juu ya bahasha kubwa ya kaki, weka ndani sampuli na prufu (nakala ya majaribio) iliyosainiwa, na bahasha hiyo isafiri pamoja na kazi. Kwenye kona weka msimbo wa mraba (QR) ambao simu ikiusoma hufungua kadi ile ile mtandaoni. Wagavi wengi hawatakubali kufungua akaunti kwenye programu yako, na hawana sababu ya kukubali. Bahasha wataikubali, kwa kuwa wameishi na bahasha miaka yote.

Hatua ya nne: Tengeneza daftari la wagavi lenye mambo unayoyahitaji saa mbaya

Jina na simu havitoshi. Kwa kila mchapaji andika ukubwa wa juu wa karatasi ambao mtambo wake unapokea, idadi ya rangi unazochapa kwa pitio moja, kama ana jenereta, na nani anashika zamu akiwa hayupo. Mtambo wa GTO 52 hupokea karatasi ya sentimita 36 kwa 52. Ukimpelekea mwenye mtambo huo bango la A2, atalikubali na kumpa mwenzake bila kukwambia, na hapo kazi yako itakuwa mikononi mwa mtu asiye kwenye daftari lako. Kwa muuzaji wa karatasi, andika uzito na ukubwa anaouweka ghalani kwa kawaida na ule anaouagiza kwa oda tu. Karatasi nyingi tunazotumia huingia kupitia bandari ya Mombasa na mpaka wa Malaba au Busia, na isiyokuwapo ghalani huweza kuchukua wiki kadhaa. Jambo hilo ulijue kabla ya kumwahidi mteja tarehe.

Andika pia namba ya mlipakodi ya kila mgavi na kama amesajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Na kwa kila huduma muhimu uwe na wagavi wawili walio hai, yaani waliofanya kazi yako ndani ya miezi mitatu iliyopita. Mgavi wa akiba ambaye hujampa kazi mwaka mzima hatakuacha upite mbele ya wateja wake wa kila wiki.

Hatua ya tano: Hesabu karatasi ndani ya programu kabla ya kuomba bei

Hapa ndipo ofisi nyingi hukisia, na ndipo ninapoomba msomaji atulie. Chukua kijitabu cha ukubwa wa A5, kurasa 64 za ndani, rangi moja nyeusi, karatasi nyeupe ya gramu 80 kwa mita ya mraba, nakala 2,000. Karatasi kubwa ya sentimita 61 kwa 86 hutoa kurasa 16 za A5 kila upande, yaani 32 kwa pande zote mbili. Kijitabu kimoja kitakula karatasi kubwa mbili, na nakala 2,000 zitakula 4,000, sawa na rimu 8 za karatasi 500.

Kama mtambo ni mdogo, karatasi kubwa hukatwa vipande vinne. Kila robo hubeba kurasa nne upande mmoja na nne upande wa pili, kwa hiyo kurasa 64 ni makundi manane ya karatasi, pande 16, pleti 16, na mapigo 32,000 ya mtambo. Ongeza asilimia 5 kwa zile zinazoharibika wakati wa kurekebisha wino na wakati wa kukunja: kila kundi lichapwe karatasi 2,100, makundi manane ni 16,800, ambazo ni karatasi kubwa 4,200, au rimu 8 na karatasi 200. Utanunua rimu 9, na karatasi 300 zitakazobaki ziandikwe kwenye ghala la programu siku hiyo hiyo, pamoja na jina la duka zilipohifadhiwa.

Ukiiweka hesabu hii kama fomula kwenye kadi, faida yake ya kwanza ni kwamba utaomba bei kwa vipimo vilivyo sawa kwa kila mgavi. Ombi la bei linalosema vijitabu 2,000 vya ukubwa wa kati litakuletea bei tatu zisizolinganishika, kwani mmoja ameweka gramu 70, mwingine amesahau kukata, na wa tatu amejumlisha usafiri. Programu iwatumie wote ujumbe mmoja wenye vipimo vyote, na majibu yao yaingizwe kwenye kadi kwa mafungu: karatasi, pleti, kuchapa, kukunja, pini, kukata, usafiri. Kila bei iwe na tarehe ya mwisho wa matumizi yake, hasa ya karatasi, ambayo hupanda na kushuka pamoja na dola.

Bei ya chini si lazima ishinde. Kwa kazi ya mitihani ya majaribio, ambayo haina thamani yoyote siku moja baada ya mtihani, mimi humchagua aliyewahi kukabidhi kwa wakati hata kama ni ghali kidogo.

Hatua ya sita: Toa oda ya maandishi na upime kinachoingia

Bei ikikubaliwa, programu itoe oda ya ununuzi yenye namba ya kazi, vipimo, bei, tarehe na mahali pa kupeleka. Hata kwa fundi mliyezoeana kama ndugu, oda iandikwe. Unaweza kumtumia kwa WhatsApp kama PDF, naye ajibu kwamba amekubali, na picha ya jibu lake ipachikwe kwenye kadi.

Karatasi inapofika, usihesabu vifurushi tu. Weka mzani dukani. Rimu ya karatasi 500 za sentimita 61 kwa 86 yenye gramu 80 ina uzito wa kilo 21 hivi, na ile ya gramu 70 ina kilo 18 na nusu kasoro kidogo. Tofauti hiyo ya kilo mbili na nusu haionekani kwa macho, na vidole vya mtu mwenye haraka haviitambui, lakini mwanafunzi ataiona atakapofungua ukurasa wa 12 na kusoma maneno ya ukurasa wa 11 kwa nyuma yake. Kifungashio huongeza uzito kidogo, kwa hiyo linganisha rimu na rimu. Piga picha ya mzani ukiwa na rimu juu yake, ipachike, ndipo ubonyeze kwamba karatasi imepokelewa. Wauzaji waaminifu hawachukizwi na mzani, na tangu tuanze kuutumia mabishano kuhusu uzito yamekwisha.

Hatua ya saba: Funga mlango kati ya prufu na pleti

Kabla ya pleti, kosa hugharimu dakika. Baada ya pleti, hugharimu fedha. Kwa hiyo katika programu nzima, hapa ndipo pawe na kizuizi kigumu kuliko vyote: kadi isitoke safu ya prufu kwenda safu ya pleti mpaka iwe na picha ya prufu yenye saini ya mteja, tarehe, na jina la faili lililoandikwa kwa mkono kwenye prufu hiyo.

Jina la faili liwe na namba ya kazi na namba ya toleo, kama 26-0147_stakabadhi_03.pdf. Maneno kama mwisho, mwisho kabisa na mwisho sahihi yapigwe marufuku ofisini. Faili lililoidhinishwa lihamie kwenye folda ambayo mtu mmoja tu ana ruhusa ya kuigusa, na mtengeneza pleti apewe kiungo cha folda hiyo, asipelekewe faili kwa simu, kwa sababu ndani ya simu yake kuna matoleo mengine matatu ya kazi hiyo hiyo. Faili likaguliwe kwa orodha fupi: fonti zimefungwa ndani, picha zina nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa zitakaochapwa, rangi ziko katika mfumo wa rangi nne za uchapaji, na rangi inayogusa ukingo imezidishwa milimita 3 nje ya mstari wa kukatia. Ukihifadhi kwa kiwango cha PDF/X, yaani PDF ya kazi za uchapaji, baadhi ya hayo programu ya kurasa hukagua yenyewe.

Mteja asiyekuwa mjini asaini kwa barua pepe, lakini asiidhinishe kwa sauti. Simu haina ushahidi.

Hatua ya nane: Andika kila makabidhiano

Majina ya safu kwenye ubao wetu ni haya: imepokelewa, bei imekubaliwa, prufu, pleti, karatasi ipo, inachapwa, inamaliziwa, imekabidhiwa, imelipwa. Tuliyaandika kwa Kiswahili kwa sababu fundi wetu wa mtambo ametoka Arua, anayepiga pini ni mtu wa Mbale, na dereva anayetuletea karatasi ni Mkenya. Wote watatu Kiswahili kinawakutanisha, na ni lugha rasmi ya pili ya nchi tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005. Wewe tumia lugha ambayo watu wako wanaongea karibu na mtambo.

Kwa kila safu inayohusu kitu kinachoshikika, makabidhiano yawe na mambo matano: aliyetoa, aliyepokea, saa, idadi, na picha. Idadi iandikwe kwa mafungu matatu, yaani zilizoingia, zilizotoka nzuri, na zilizoharibika. Tuseme kundi la tatu la kijitabu chetu cha hatua ya tano liliingia mtamboni karatasi 2,100, likatoka na nzuri 2,040 na mbovu 60. Hilo ni salama. Kundi la sita likitoka na nzuri 1,930, kijitabu chote kimeshuka hadi nakala 1,930, hata kama makundi mengine yamezidi. Ukilijua usiku huo huo pleti zikiwa bado kwenye mtambo, kuongeza karatasi 100 ni kazi ya nusu saa. Ukiligundua kwenye varanda, wakati wa kupanga kurasa, mtambo umeshaoshwa na una wino wa kazi ya mtu mwingine.

Wapeni pia waendesha boda boda nafasi yao kwenye kadi. Jina, namba ya pikipiki, vifurushi vingapi. Huko nyuma tulikuwa tukiwachukulia kama upepo unaopeleka mzigo, na hatukuwatendea haki, kwa sababu mzigo ukipungua wao ndio walikuwa wa kwanza kushukiwa bila maandishi ya kuwatetea.

Hatua ya tisa: Panga tarehe kwa kurudi nyuma, ukiyaheshimu majira

Anza na tarehe ya kukabidhi, rudi nyuma hatua moja moja, na programu iweke siku ya mwisho kwa kila safu. Acha siku moja tupu kati ya kuchapa na kumalizia ili wino ukauke, hasa kwenye karatasi inayong'aa. Arifa ziwe chache: moja kwa mhusika siku moja kabla ya mwisho wa hatua yake, moja kwa msimamizi ikichelewa. Programu inayolia kila saa huzimwa sauti ndani ya wiki.

Kalenda ya Kampala ina milima yake. Muhula wa kwanza wa shule ukikaribia, mitambo hujaa fomu na vijitabu; mwisho wa kila muhula ni kadi za ripoti; kuanzia Oktoba ni kalenda na shajara huku mitihani ya kitaifa ya UNEB ikiendelea; na kila baada ya miaka mitano kampeni za uchaguzi humeza mitambo yote kwa mabango. Katika vipindi hivyo ongeza siku tatu kwa kila hatua na uwaambie wateja mapema.

Hatua ya kumi: Unganisha malipo na kadi

Malipo ya mgavi yafunguliwe na kadi yenyewe: kadi ikisogea safu inayofuata kwa idadi iliyokubaliwa, ankara inaruhusiwa; isiposogea, hailipwi. Sisi hulipa malipo ya awali kwa karatasi, na salio la fundi ndani ya siku saba baada ya kukabidhi, na ahadi hiyo tumeitunza kuliko nyingine zote, kwa maana fundi anayelipwa kwa wakati hupokea simu yako hata saa nne usiku.

Mgavi aliyesajiliwa kwa VAT, ambayo ni asilimia 18, akupe ankara iliyotolewa kupitia EFRIS, mfumo wa stakabadhi za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) ulioanza kuwa wa lazima Januari 2021. Bila hiyo hutaweza kudai kodi uliyolipa kwenye ununuzi. Pachika nakala yake kwenye kadi. Kama mteja wako ni miongoni mwa walipaji walioteuliwa na URA, atakata kodi ya zuio ya asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi shilingi 1,000,000, isipokuwa una msamaha. Kwa kazi ya shilingi 4,000,000 isiyo na VAT, utapokea 3,760,000 na cheti cha kodi ya 240,000 iliyokatwa. Kisanduku cha cheti hicho kiwepo na kadi isifungwe bila cheti kufika, kwa kuwa ni fedha yako iliyo mikononi mwa serikali.

Hatua ya kumi na moja: Funga kazi vizuri

Siku kadi inapofungwa, mpe kila mgavi aliyeigusa alama tatu: wakati, idadi, ubora. Andika sababu kwa sentensi moja, na ikiwa ni lawama, mwambie yeye mwenyewe kabla hujaiandika. Kila baada ya miezi mitatu pitia alama hizo mkiwa na chai mezani, mgavi mmoja mmoja. Mara mbili tumegundua kwamba ucheleweshaji tuliokuwa tukimhesabia mtu ulianzia kwenye prufu zetu.

Kazi zenye majina ya watu, kama kadi za ripoti za watoto au vitambulisho vya wanachama, ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019. Orodha za majina zifutwe kwenye simu na kompyuta za wagavi kazi ikiisha, na karatasi zilizoharibika zirudishwe ofisini na kuchanwa, zisiishie kufungia karanga sokoni. Tarehe ya kufuta iandikwe kwenye kadi.

Mwisho kabisa hifadhi faili lililoidhinishwa, andika pleti ziko wapi na kama bado zinafaa, na ujaze namba ya mwisho iliyochapwa kwa kuitazama kwenye kitabu cha mwisho cha katoni ya mwisho. Kwa chama kile cha akiba na mikopo kisanduku hicho sasa kinasema 10000. Siku watakapoagiza tena, kadi mpya itafunguka ikiwa tayari na 10001.